Daftari la ukaguzi: mali ya programu huria isiyoonekana kwenye mizania

KAMPUNI ya Microsoft ya Marekani ilipotangaza, Juni 4, 2018, kwamba inainunua GitHub kwa hisa zake zenye thamani ya dola bilioni 7.5, wawekezaji wengi wadogo walijiuliza ni bidhaa gani hasa inayonunuliwa kwa fedha nyingi kiasi hicho. GitHub ni ghala la kuhifadhia programu za kompyuta, na nyingi kati ya zilizokuwamo ni programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzinakili na kuzirekebisha. Kwa lugha ya sokoni, Microsoft ilitoa mabilioni kununua duka ambalo sehemu kubwa ya bidhaa zake hugawiwa bure.

Sehemu ya jibu imo katika kitu ambacho hakinakiliki kwa urahisi kama programu yenyewe. Kitu hicho ni mazoea ya mamilioni ya mafundi kukutana mahali pamoja, pamoja na kumbukumbu za mazungumzo yao: nani alipendekeza badiliko gani, nani alilikagua, nani alilikataa, kwa sababu gani, na nani hatimaye aliidhinisha liingie. Mafundi huita kazi hiyo ukaguzi wa msimbo. Kumbukumbu zake ni sawa na leja na hati za malipo katika ofisi ya mhasibu. Haziuzwi dukani, lakini siku mkaguzi akibisha hodi ndizo zinazoulizwa kwanza.

Suala la nani anazitunza kumbukumbu hizo, na kwa masharti gani, limekuwa likiwasumbua mafundi wa programu huria kwa zaidi ya miaka 20. Linamhusu pia mfanyabiashara wa kawaida, kwa sababu simu nyingi za mkononi zinazotumika kupokelea malipo huendeshwa na Android, na Android imejengwa juu ya Linux. Zote mbili ni kazi ya aina hii.

Ukaguzi unavyofanyika

Utaratibu wenyewe haumpi taabu mtu aliyezoea shughuli za ofisi. Fundi anayetaka kurekebisha programu huandika badiliko lake, ambalo kwa kawaida huitwa kiraka. Kiraka hicho hupelekwa kwa wenzake, nao hukisoma mstari kwa mstari, huuliza maswali na kudai masahihisho. Fundi hurudi na toleo la pili, la tatu, hata la kumi. Mwisho, msimamizi mwenye mamlaka hukubali kiraka kiingie kwenye ghala kuu, kama vile hundi isivyotoka mpaka iwe na sahihi mbili.

Katika mfumo uitwao Gerrit, ambao ulianza kutumika mwaka 2008 kwa ajili ya Android, uamuzi huo hutolewa kwa kura zenye alama. Kwa kawaida mkaguzi hutoa alama kati ya kutoa mbili na kujumlisha mbili. Kujumlisha moja maana yake ni kwamba badiliko linaonekana jema lakini mwingine aliidhinishe. Kujumlisha mbili ndiyo idhini yenyewe. Kutoa mbili ni pingamizi, na pingamizi hilo likibaki, badiliko haliingii hata likipata kura nyingi za kuliunga mkono.

Mwisho wa shughuli hiyo hupatikana vitu viwili. Cha kwanza ni msimbo uliokubaliwa. Cha pili ni kumbukumbu ya njia iliyofuatwa mpaka ukakubaliwa. Cha kwanza hutunzwa vizuri sana, kwa kuwa ndicho kinachoendesha mashine. Cha pili mara nyingi huachwa mikononi mwa mwenye ghala, na hapo ndipo gharama huanzia.

Kesi iliyofundisha somo

Thamani ya kumbukumbu hizi ilidhihirika Machi 2003, wakati kampuni ya SCO ya Marekani ilipoishitaki IBM ikidai fidia ya dola bilioni moja, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa. Dai lilikuwa kwamba msimbo ambao SCO iliuona kuwa mali yake ulikuwa umeingizwa katika Linux bila idhini. Makampuni yaliyokuwa yameanza kutegemea Linux yaliingiwa na hofu, kwa sababu kuonyesha kila mstari ulitoka kwa nani kulihitaji kufukua barua pepe za miaka mingi.

Mei 2004 Bw. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitangaza utaratibu mpya. Kila anayeleta kiraka alitakiwa kuongeza chini yake mstari wenye jina na anwani yake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa kazi hiyo. Kila msimamizi ambaye kiraka kinapitia mikononi mwake huongeza mstari wake. Baadaye ikaongezwa mistari ya kumtaja aliyekagua na aliyejaribu. Mtu akikifungua kiraka leo anaona mnyororo wa majina, kama mihuri ya forodha kwenye hati ya mzigo uliopita vituo kadhaa.

SCO iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2007, lakini shauri halikufa. Lilimalizwa mwaka 2021, miaka 18 baada ya kufunguliwa, kwa IBM kukubali kulipa dola milioni 14.25. Ukilinganisha kiasi hicho na dola bilioni moja zilizodaiwa mwanzoni, ni pesa ndogo. Hata hivyo, gharama ya mawakili na ya wateja kusitasita kwa miaka yote hiyo haimo katika hesabu hiyo.

Hatari ya ghala la kukodi

Somo la pili lilikuja mwaka 2005. Tangu 2002 mafundi wa Linux walikuwa wakitunza msimbo wao kwa kutumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi ambayo waliruhusiwa kuitumia bure kwa masharti. Aprili 2005, baada ya mvutano kuhusu masharti hayo, mwenye kampuni, Bw. Larry McVoy, alitangaza kuondoa ruhusa ya bure. Mradi mkubwa kuliko yote ya programu huria ukajikuta kama mpangaji aliyepewa notisi ya kuhama.

Bw. Torvalds alikaa chini akaandika chombo kipya, Git, ambacho kilianza kufanya kazi ndani ya siku chache. Tofauti yake kubwa kibiashara ni kwamba kila anayechukua nakala ya ghala huchukua historia yote ya msimbo, si toleo la mwisho pekee. Ghala kuu likiungua, nakala moja iliyoko kwa fundi yeyote inatosha kulisimamisha upya.

Lakini Git ilibeba msimbo na majina tu. Mabishano ya wakaguzi yalibaki nje, na makampuni yaliyojenga maghala juu ya Git ndiyo yaliyoyaweka katika hifadhi zao. GitHub, kwa mfano, humruhusu mtu kuchukua kwa Git mabadiliko yenyewe yaliyopendekezwa, lakini maoni ya wakaguzi hayamo katika mzigo huo. Anayeyataka lazima ayaombe kwa mlango mwingine, ambao mteja wa kawaida aliyejisajili amewekewa kikomo cha maombi 5,000 kwa saa.

Hesabu yake ni rahisi. Mradi wenye mapendekezo 100,000, ambapo kila pendekezo linahitaji maombi manne ili kupata maelezo, maoni, kura na matukio yake, unahitaji maombi 400,000. Kwa kikomo hicho ni saa 80, yaani siku tatu na ushee za kuchota bila kupumzika. Mlango kweli uko wazi, lakini ni mwembamba.

Waliohama kwa haraka wanaijua gharama. Google ilifungua ghala lake la Google Code mwaka 2006, ikatangaza Machi 2015 kwamba linafungwa, na Januari 2016 likafungwa. Mwaka huo huo wa 2015 ghala la Gitorious lilinunuliwa na GitLab na milango yake ikafungwa miezi michache baadaye. Msimbo wa maghala hayo uliokolewa kwa sehemu kubwa, na mradi wa Software Heritage, ulioanzishwa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa, umeuweka katika hifadhi yake ya kudumu.

Mfano wa karibu zaidi ni Phabricator, chombo cha ukaguzi kilichozaliwa ndani ya Facebook. Mwishoni mwa Mei 2021 kampuni iliyokuwa ikikiendeleza ilitangaza kuacha shughuli kuanzia Juni 1. Kwa kuwa chombo hicho kilikuwa huria, watumiaji walikichukua na kukiendeleza kwa jina jipya la Phorge. Lakini mradi wa LLVM, ambao zana zake hutumika kutengenezea programu duniani kote, uliamua kuhamia GitHub. Ulipobadili mwaka 2023, maoni ya zamani hayakuhamia kwenye ghala jipya. Yaliachwa katika hifadhi ya kusoma tu, kama leja za zamani zilizofungwa kwenye kabati la chumba cha nyuma.

Gerrit yaunganisha leja na ghala

Njia nyingine ilichukuliwa na wenye Gerrit. Kwa miaka mingi Gerrit ilikuwa na daftari mbili: msimbo ndani ya Git, na maoni pamoja na kura ndani ya hifadhi tofauti ya takwimu. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro ambayo mhasibu ataitambua mara moja. Daftari mbili zisipoandikwa kwa wakati mmoja huachana. Nakala ya akiba ya moja ikichukuliwa saa nne na ya pili saa sita, siku ya ajali hazitalingana.

Dawa iliyopatikana ni mpango uitwao NoteDb, ambao huandika kila maoni, kila kura na kila badiliko la hali ndani ya Git yenyewe, pembeni mwa msimbo unaohusika. Kazi hiyo ilichukua miaka. Ilipofika Gerrit 3.0, mwaka 2019, hifadhi ya zamani iliondolewa kabisa. Tangu hapo, anayenakili ghala zima na kumbukumbu zake za pembeni hupata pia daftari la ukaguzi, na kila tukio lina tarehe na jina la aliyelifanya.

Mpango huo nao una bei yake. Git haikutengenezwa kwa ajili ya kujibu maswali kama "nionyeshe mabadiliko yote yanayonisubiri", hivyo Gerrit inalazimika kutunza faharasa ya pembeni, ambayo ikiharibika hujengwa upya kutoka kwenye kumbukumbu zenyewe. Aidha, ghala hujaa rekodi ndogo ndogo nyingi. Na kwa kuwa umbo la rekodi ni la Gerrit, chombo kingine hakitazielewa bila mkalimani.

Tatizo hilo la lugha ya pamoja bado ni donda. Mwaka 2015 wahandisi wa Google walitoa chombo kiitwacho git-appraise, chenye nia ya kuandika ukaguzi ndani ya Git kwa namna ambayo chombo chochote kingeweza kuisoma. Wazo lilisifiwa lakini halikupata soko kubwa. Wenye maghala makubwa hawana haraka ya kurahisisha safari ya mteja anayetaka kuhama, na hilo si geni kwa yeyote aliyewahi kujaribu kuhamisha akaunti kutoka benki moja kwenda nyingine.

Linux yabaki na barua pepe

Mafundi wa Linux wenyewe hawakuhamia katika ghala la kampuni yoyote kwa ajili ya ukaguzi. Kwa sehemu kubwa wanaendelea kutumiana viraka kwa barua pepe, utaratibu ambao vijana wengi huuona wa kizamani. Faida yake ni kwamba kila aliyejiandikisha hubaki na nakala yake.

Hata hivyo, nakala zilizotawanyika si hifadhi. Kwa miaka mingi watu walitegemea huduma ya Gmane, iliyoendeshwa na mtu mmoja, kutafutia barua za zamani. Mwaka 2016 kurasa zake za kusomea zilipozimwa, viungo vingi vilivyokuwa vikielekeza huko vikawa havifiki popote. Hifadhi mpya ya Linux ilifunguliwa mwaka 2018, na wanachama walichangia nakala za barua walizojiwekea ili kuziba mapengo. Barua za hifadhi hiyo zimewekwa ndani ya maghala ya Git, na yeyote mwenye nafasi ya kutosha kwenye mashine yake anaweza kuzinakili zote bila kuomba ruhusa.

Siku daftari lilipohitajika

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Machi 29, 2024. Siku hiyo Bw. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Aliingiwa na shaka alipoona kuingia kwenye mashine kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameharibiwa.

Aliyefanya hivyo alitumia jina la Jia Tan na alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akileta viraka vizuri mpaka akapewa mamlaka ya usimamizi. GitHub ililifunga ghala la xz mara moja ili kuzuia madhara. Kufungwa huko, pamoja na nia yake njema, kulileta usumbufu ambao haukutarajiwa: wachunguzi waliokuwa na nakala za Git waliendelea kusoma msimbo, lakini mapendekezo na maoni yaliyokuwa kwenye kurasa za GitHub hayakufikika mpaka ghala lilipofunguliwa tena mwezi Aprili.

Kilichowasaidia ni barua pepe za zamani za mradi, zilizokuwa zimehifadhiwa kwingine na zikiwa wazi kwa wote. Humo waliona jinsi majina yasiyojulikana yalivyomshinikiza msimamizi wa zamani, mwaka 2022, akabidhi sehemu ya madaraka.

Ni haki kusema kwamba daftari halikuzuia wizi huo. Sehemu ya mtego haikuwamo hata katika ghala la Git bali katika furushi lililotolewa kwa wasambazaji, na mwenye kuidhinisha ndiye huyo huyo aliyekuwa akihujumu. Lakini bila kumbukumbu isingewezekana kujua haraka ni lini alianza, aligusa nini na nani alimfungulia mlango. Mwenye duka aliyeibiwa na karani wake hulijua hilo. Leja haimkamati mwizi, ila huonyesha mali ilianza kupungua mwezi gani.

Faragha na mipaka ya nchi

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Daftari lisilofutika lina majina, anwani za barua pepe na wakati mwingine maneno makali ya watu halisi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kufuta jina ndani ya Git hubadilisha mnyororo wote unaofuata, na nakala zilizokwisha kutawanyika haziwezi kurudishwa. Kwa hiyo miradi inayojali huamua mapema nini kiandikwe na nini kisiandikwe.

Mipaka ya nchi nayo ina neno lake. Julai 2019 baadhi ya wateja wa GitHub walioko Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa kutumia sehemu ya huduma kutokana na vikwazo vya Marekani. Wa Iran walirudishiwa huduma kamili Januari 2021, baada ya kampuni kupata kibali cha serikali ya Marekani. Aliyekuwa na nakala yake ya Git alibaki na msimbo. Maoni yaliyokuwa kwenye ghala binafsi lililofungwa yalibaki upande wa pili wa kaunta.

Maswali kwa mnunuzi

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 na ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Apache Fineract, mfumo huria uliotokana na mradi wa Mifos, umetengenezwa mahsusi kwa taasisi za mikopo midogo na huduma za kifedha. Shirika la Apache hutaka maamuzi ya miradi yake yaonekane katika barua pepe za pamoja zinazohifadhiwa na shirika lenyewe, na limeunganisha mitambo yake na GitHub ili maoni yanayoandikwa huko yaweze kupelekwa pia katika hifadhi hiyo.

Chama cha kuweka na kukopa, au kampuni inayotaka kununua mfumo wa mahesabu uliojengwa juu ya programu huria, kwa kawaida huuliza bei na muda wa kukabidhiwa. Kuna maswali mengine manne yasiyogharimu kitu. Kwanza, kila badiliko linakaguliwa na mtu mwingine asiye mwandishi wake? Pili, kumbukumbu za ukaguzi huo zimehifadhiwa wapi, na kwa jina la nani? Tatu, muuzaji akifunga ofisi kesho, mnunuzi ataweza kuondoka na kumbukumbu hizo zikiwa katika umbo linalosomeka? Nne, nakala ya mwisho ya akiba ilichukuliwa lini, na ilishawahi kujaribiwa kurudishwa?

Kwa upande wa wawekezaji, makampuni ya maghala yameonyesha kuwa biashara ipo. Hisa za GitLab zilianza kuuzwa katika soko la NASDAQ Oktoba 2021 baada ya kutolewa kwa umma kwa bei ya dola 77, na siku ya kwanza zilifungwa zikiwa juu ya dola 100. Anayepima hisa za aina hiyo hana budi kutofautisha mapato mawili. Yapo yatokanayo na huduma bora inayomfanya mteja abaki kwa hiari, na yapo yatokanayo na ugumu wa mteja kuhama na kumbukumbu zake. Haya ya pili huonekana imara mpaka siku mshindani anapoleta njia rahisi ya kuzibeba, au mahakama inapoamuru zikabidhiwe.